Mtoto mdogo mwenye ADHD: mafunzo ya wazazi au dawa, na kama ni dawa, ipi?

Mzazi akishaambiwa na daktari kwamba mwanawe ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto akose umakini, asitulie na akurupuke kupita umri wake, swali linalomtoka kwanza ni kama apewe dawa au asipewe. Kwa mtoto wa miaka minane jibu halichelewi. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, aliye chekechea au anayesubiri darasa la kwanza, jibu hutegemea kipi kimetangulia, kimejaribiwa kwa muda gani na nani aliandika matokeo. Hapa tunalinganisha njia ambazo familia ya Arusha au Moshi inaweza kupendekezewa. Mbili za kwanza tutakaa nazo sana, nyingine tutazipita mbiombio. Dozi zimetajwa ili ukikaa mbele ya daktari uelewe anachosema na uweze kumhoji. Hakuna hata moja iliyoandikwa ya kununulia dawa dirishani.

Kwanza, ni ADHD kweli?

Utundu peke yake si ugonjwa. Ili daktari aseme ni ADHD, mtoto anatakiwa awe na dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Hilo la mwisho ndilo linalochuja wengi. Mtoto anayevuruga darasani lakini nyumbani anakaa nusu saa akicheza gololi, tafuta sababu shuleni. Huenda haelewi lugha: mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili au Kimaasai, akapelekwa shule ya Kiingereza, anaweza kukaa muhula mzima akiona midomo ya mwalimu ikichezacheza tu. Huenda pia ni mdogo kuliko wenzake kwa miezi kumi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa watoto wadogo kuliko wote darasani hubandikwa jina la ADHD mara nyingi kuliko wale wakubwa.

Kabla ya dawa yoyote, mtoto apimwe masikio (usaha wa muda mrefu humfanya aonekane hasikii la mkuu), macho, wingi wa damu, na aulizwe usingizi wake. Anayekoroma kila usiku kwa sababu ya nyama za puani au mafindofindo huamka amechoka, na uchovu wa mtoto mdogo hujitokeza kama fujo, tofauti na wa mtu mzima anayesinzia. Daktari aulize pia kama mtoto huzubaa ghafla kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea. Hicho ni kifafa mpaka ithibitike vinginevyo.

Na kama mtoto tayari anatumia fenobabitali kwa ajili ya kifafa, simama hapo. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na imeenea, lakini yenyewe huwafanya baadhi ya watoto wakose utulivu, wawe wakali na wasilale. Kumwongezea dawa ya ADHD juu yake ni kuteka maji kwa pakacha. La kwanza ni kumwuliza daktari kama inaweza kubadilishwa polepole. Usiikatishe mwenyewe, degedege hurudi kwa nguvu.

Mlango wa kuingilia kwa Arusha ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Kwa Moshi ni Mawenzi, na panapohitajika uchunguzi wa ndani zaidi, hospitali ya kanda ya KCMC. Nenda na daftari la shule, kadi ya kliniki ya mtoto na barua ya mwalimu. Daktari atakayekuandikia dawa ya ADHD ndani ya dakika kumi, bila kusikia neno kutoka shuleni, mshukuru na utafute mwingine.

Mafunzo ya wazazi, na kinachofanyika hasa

Jina lenyewe huwaudhi watu, kana kwamba wameambiwa hawajui kulea. ADHD haisababishwi na malezi mabaya. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na si ajabu baba akisikia dalili za mwanawe zikisomwa akajiona mwenyewe alipokuwa darasa la pili. Mafunzo yapo kwa sababu mtoto huyu hujifunza kutokana na matokeo ya papo hapo na onyo la jana halimo kichwani mwake leo, kwa hiyo malezi yanayomtosha kaka yake kwake hayatoshi.

Mpango ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji una vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mipango mingine hukaribiana nao, vikao 8 hadi 12. Mahali pasipo na kikundi, mwulize muuguzi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii wa hospitali, au wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtoto kukaa, kushika kalamu na kufuata hatua. Moshi imebahatika hapo, chuo cha taaluma hiyo kiko KCMC. Kikao kimoja kila wiki mbili chenye kazi ya kufanya nyumbani kinatosha, ilimradi kazi ifanyike.

Yanayofundishwa ni haya. Kila siku dakika 10 hadi 15 za mchezo ambao mtoto ndiye kiongozi: simu iko mbali, huulizi maswali, huagizi, unafuata tu anachofanya na kukisema kwa sauti. Wazazi wengi huona ni kupoteza muda. Ni msingi wa yote, kwa sababu sifa kutoka kwa mtu anayemkaripia kutwa hazina thamani kwa mtoto.

Kisha agizo. Msogelee, mwite jina, subiri akutazame, sema maneno machache: "Vaa viatu." Hesabu kimyakimya mpaka kumi. Makosa ya kawaida ni mawili. Kwanza, agizo lililovalishwa joho la swali, "Huwezi kuvaa viatu?", ambalo jibu lake halali ni "Siwezi." Pili, mlolongo: "Kanawe, vaa viatu, chukua begi, mwambie dada afunge mlango." La kwanza litafanyika nusu, mengine yatakuwa yameyeyuka njiani.

Sifa zitaje kitendo, na zije ndani ya sekunde: "Umekaa mezani mpaka uji umekwisha." Neno "hongera" peke yake halimwambii ni kipi arudie. Kwa mtoto wa miaka minne na kuendelea, vifuniko vya soda ndani ya kopo linaloonekana hufanya kazi nzuri: tabia tatu tu zilizochaguliwa, kifuniko kimoja kila inapotokea, na vibadilishwe siku hiyohiyo kwa kitu kidogo, kwa mfano kusukumwa kwenye bembea au kuchagua hadithi ya usiku. Zawadi ya Jumamosi kwa mtoto wa miaka mitano mwenye ADHD ni sawa na ahadi ya mwaka kesho. Kumtenga kwenye kigoda kuwe kwa kupiga na kuuma tu, dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake, bila hotuba.

Fimbo? Humzuia kwa dakika chache, basi. Mtoto mwenye ADHD hurudia kosa kwa sababu breki zimechelewa, na kumpiga hakuzifanyi ziwahi. Kinachobaki ni hofu na mkono uliozoea kupanda.

Mafunzo haya hufa mahali palepale kila mara. Wiki ya pili au ya tatu tabia huwa mbaya zaidi kabla ya kutulia. Mtoto aliyezoea kwamba kilio cha dakika tano humpa anachotaka, siku ukimnyima atalia ishirini kujaribu kama mlango bado upo. Ukishindwa dakika ya kumi na nane, umemfundisha kulia kwa dakika kumi na nane. Hapo ndipo familia nyingi hutangaza kwamba "mambo ya wazungu" hayafai.

Pia anayefundishwa huwa mama peke yake, wakati mtoto anashinda na dada wa nyumbani, na Jumapili yuko kwa bibi Kibosho au Marangu, ambako sheria zote husimamishwa hadi jioni. Dada na bibi waingie kwenye mafunzo, au angalau wapewe mambo mawili tu ya kushika.

Methilfenideti

Hii ndiyo dawa iliyochunguzwa zaidi kwa ADHD, na ndiyo iliyomo kwenye Ritalin na Concerta. Huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe, kwenye sehemu za mbele za ubongo zinazoshika breki na umakini. Haimlazi mtoto. Akikaa kama sanamu, hacheki, hachezi, dozi imezidi, na mwalimu akisifu kwamba "siku hizi ametulia kweli", hiyo ni dalili ya kumpigia daktari simu.

Kidonge cha muda mfupi huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30 na hudumu saa 3 hadi 4. Kikimezwa saa moja asubuhi, kufikia saa tano kimekwisha. Cha pili hutolewa muda huo, na zaidi ya saa kumi jioni haifai kutoa kingine, usingizi utaruka. Kidonge cha 10 mg hukatwa robo kupata 2.5 mg, dozi ya kuanzia kwa wadogo. Tumia kikatio cha vidonge cha duka la dawa; kisu cha jikoni hutoa robo nne zisizofanana, na kwa dozi ndogo hivi tofauti hiyo huonekana kwa mtoto. Kinaweza kusagwa na kuwekwa kwenye kijiko cha uji. Kiwe kijiko, kwa maana bakuli zima akiliacha nusu hutajua amepata kiasi gani.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulihusu hasa watoto wa miaka 3 hadi 5 na nusu. Familia zilipitia kwanza wiki 10 za mafunzo ya wazazi, na baadhi ya watoto walipata nafuu ya kutosha wasiendelee na dawa. Kwa waliobaki, dozi iliyowafaa ilikuwa wastani wa miligramu 14 kwa siku, ikigawanywa mara tatu. Dawa ilisaidia, lakini kwa nguvu ndogo kuliko inavyosaidia watoto wa shule ya msingi, na takriban mmoja kati ya kumi aliacha kwa sababu ya madhara: hasira, kulia ovyo, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula. Waliotumia dawa mwaka mzima waliongezeka urefu pungufu kwa takriban sentimita 1.4 na uzito pungufu kwa takriban kilo 1.3 kuliko ilivyotarajiwa.

Takwimu hizo ndizo zinazotufanya tuseme mafunzo yatangulie kwa mtoto chini ya miaka sita. Hatusemi hivyo kwa sababu dawa ni sumu. Kwa umri huu faida yake ni ndogo na gharama yake ni kubwa, basi. Miongozo nayo imeelekea hukohuko. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani (2019) kinaweka mafunzo kwanza kwa miaka 4 na 5, dawa ikifuata tu pale hali inapobaki mbaya. Uingereza (2018) haitaki dawa chini ya miaka 5 bila maoni ya pili ya mtaalamu bingwa. Shirika la Afya Duniani linaielekeza kwa miaka 6 na kuendelea, chini ya mtaalamu, na mwaka 2019 na 2021 lilikataa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mtoto akivuka sita, mizani huanza kuelemea upande wa pili.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kasi: dawa hushinda bila ubishi. Siku ambayo dozi ni sahihi, mwalimu anaona kabla ya mapumziko ya uji. Mafunzo yanahitaji wiki 8 hadi 12.

Kudumu: hapa mambo hugeuka. Kidonge kikiisha mwilini, mtoto ni yuleyule wa jana. Mafunzo yakishika, mzazi hubaki nayo hata dawa inapokosekana. Utafiti mwingine maarufu wa Marekani wa mwaka 1999, wa watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, uliona kwamba baada ya miezi 14 dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuu kuliko mafunzo peke yake, na waliopata vyote viwili walifika huko kwa dozi ndogo zaidi. Miaka mitatu baada ya kuanza, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Wanaotaka kuishangilia dawa hunukuu miezi 14, wanaotaka kuiponda hunukuu miaka mitatu. Vyote ni kweli.

Gharama: mafunzo hula muda na nauli, na ruhusa za kazini. Dawa hula fedha kila mwezi, pamoja na safari za kupima uzito na presha. Kama una bima, uliza kabla ya kuanza dawa hiyo kama imo kwenye kifurushi chako, wala si baada ya boksi la kwanza kukwisha.

Upatikanaji: jambo hili linapuuzwa na ndilo huvunja matibabu mengi. Methilfenideti iko kwenye jedwali la pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Huuzwa kwa cheti cha daktari na hutunzwa kwa kufuli. Kabla ya dozi ya kwanza, mwulize mfamasia wa hospitali kama anaweza kukuhakikishia miezi mitatu. Asipoweza, tafakari upya. Boksi lililoletwa na shangazi kutoka ng'ambo litakwisha mtoto akiwa ndiyo kwanza amezoea. Na kuvuka Namanga au Holili na dawa ya aina hiyo bila cheti chenye jina la mtoto ni kujitafutia kesi.

Hatari kwa wengine nyumbani: mafunzo hayana. Dawa hizi zote zinahitaji kabati lenye kufuli. Juu ya friji si kabatini. Mtoto mwenye ADHD hupanda.

Kwa hiyo uamuzi kwa mtoto wa miaka minne au mitano huja hivi. Kama tatizo ni kelele, kutokaa mezani, madaftari yaliyochanika, maliza wiki 12 za mafunzo. Kama anachomoka na kukimbilia barabarani katikati ya bodaboda, amewahi kuungua, ameumiza mdogo wake vibaya, au amefukuzwa shule mbili, mafunzo yaanze leo na mazungumzo ya dawa na bingwa yaanze wiki hiyohiyo. Chini ya miaka minne, dawa tuiache kabisa nje ya meza.

Dawa nyingine, kwa ufupi

| Dawa | Huanza kuonekana | Hudumu | La kuangalia zaidi |
|---|---|---|---|
| Methilfenideti ya muda mfupi | Dakika 20–30 | Saa 3–4 | Njaa kukatika, hasira dozi inapokwisha |
| Methilfenideti ya muda mrefu | Ndani ya saa 1–2 | Saa 8–12 | Haigawanyiki, usingizi |
| Atomoksetini | Wiki 4–6 | Kutwa nzima | Tumbo, usingizi wa mchana, mawazo ya kujidhuru |
| Klonidini | Wiki 1–2 | Saa kadhaa | Presha kushuka. Usiiache ghafla |

Dawa ya muda mrefu huwavutia wazazi kwa sababu hakuna wa kumpa mtoto kidonge saa tano shuleni. Shida ni kwamba kidonge kidogo cha Concerta ni 18 mg, kinacholingana na 5 mg mara tatu kwa siku. Kwa mtoto wa miaka mitano hapo ni karibu na mwisho wa safari, wakati yeye anatakiwa kuanza na robo ya kidonge. Na hakikatwi wala hakisagwi. Ukikiponda, dozi ya kutwa humwagika kwa mara moja. (Ganda lake hutoka zima chooni. Dawa imeshatoka ndani yake, usishtuke.) Tafuta dozi kwanza kwa ya muda mfupi, kisha hamia ndefu mtoto akishafika shule ya msingi na anajua kumeza.

Atomoksetini, iitwayo pia Strattera, haimo kwenye kundi la dawa za kulevya na hufaa familia ambayo methilfenideti imemletea mtoto mtikisiko wa misuli ya uso au hasira zisizovumilika. Imeidhinishwa kuanzia miaka 6. Huanzia 0.5 mg kwa kila kilo na kupanda hadi karibu 1.2 mg kwa kilo. Kidonge chake hakifunguliwi, unga wake huunguza macho, kwa hiyo asiyeweza kumeza haimfai. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa na rangi ya chai, mwone daktari siku hiyo, kwa ajili ya ini. Kuna jambo jingine kwa wenyeji wa huku. Moshi mjini malaria ni chache, lakini mtoto akienda Kahe au Mto wa Mbu akarudi na homa atapewa dawa ya mseto, na lumefantrini iliyomo hupunguza kasi ya kimeng'enya cha ini kinachoondoa atomoksetini mwilini. Mwambie anayemtibu malaria kabla hajaandika.

Klonidini ni ya presha, hutumika usiku kwa mtoto asiyelala au mwenye mtikisiko wa misuli, kwa kuanzia 0.05 mg. Mtoto wa miaka miwili akiokota na kumeza vidonge viwili vya 0.1 mg anaweza kupoteza fahamu, moyo ukaenda polepole na pumzi ikakata. Nyumba yenye wadogo wengi na kabati bovu isiichukue.

Zingine hazimo kwenye ushindani huu hata zikiandikwa. Risperidoni na haloperidoli si dawa za ADHD. Zina nafasi yake kwa ukali wa kupindukia chini ya bingwa, lakini ya kwanza hunenepesha na ya pili hukakamaza misuli. Imipramini na amitriptilini zilitumika zamani, na zikizidi huua kwa moyo. Promethazini ya mafua humlaza mtoto tu. Kahawa, kwa kuwa iko shambani nyuma ya nyumba, hushauriwa na majirani: nguvu yake ni ndogo na haipimiki kikombe kwa kikombe. Sukari nayo inasingiziwa. Majaribio ambayo mzazi hakujua kama mtoto amepewa sukari au kitamu kisicho sukari hayakuona ikileta utukutu. Maombi hayagongani na kidonge, wala kidonge hakigongani na maombi, ilimradi asiambiwe mtu amwage dawa.

Mkiamua dawa: wiki sita za kujaribu

Kabla ya dozi ya kwanza, uzito, urefu, mapigo na presha viandikwe. Moyo usikilizwe kwa makini, kwa sababu huku kwetu ugonjwa wa moyo unaofuata maambukizi ya koo bado upo. Sema kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, au kama kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40. Jibu likiwa ndiyo, kipimo cha umeme wa moyo kitangulie.

Chagueni tabia tano zinazoonekana kwa macho: kuinuka kwenye kiti, kukatiza wengine, kupiga, kutomaliza kazi, kukimbia nje. Kila siku kila moja ipewe alama 0 hadi 3, nyumbani na shuleni. Wiki ya kwanza andika bila dawa. Mwalimu mwenye watoto wengi msimuombe zaidi ya hapo, karatasi moja na kalamu, na msimwambie dozi ilipanda siku gani. Akijua, ataona anachotarajia kuona.

Mfano wa mpangilio kwa aliye chini ya miaka sita: wiki ya pili 2.5 mg asubuhi, kuanzia Jumamosi ili mzazi ndiye aone kwanza. Wiki ya tatu 2.5 mg mara mbili. Wiki ya nne 5 mg asubuhi na 2.5 mg saa tano. Daktari ndiye anayepandisha, na anasimama mara alama zikishuka vya kutosha. Kushuka kwa theluthi moja ya alama za mwanzo ni kipimo kizuri. Wiki ya sita zisiposhuka, dawa hii iachwe. Wengi hukosea hapa: dawa haikufanya kitu, lakini inaendelezwa mwaka kwa sababu iliandikwa na bingwa.

Chakula kitangulie dawa. Asubuhi uji wa maziwa wenye karanga, yai, parachichi, ndipo kidonge. Mchana atakula kidogo, usigombane naye. Njaa hurudi jioni, kwa hiyo mtori wa nyama au loshoro uwe tayari hata saa mbili usiku. Uzito upimwe kila miezi 3, urefu kila miezi 6, presha na mapigo kila dozi inapobadilika na kila miezi 6. Mstari wa uzito kwenye kadi ukilala, daktari apunguze dozi au aisimamishe.

Saa tisa mchana, dawa inapoisha, mtoto anaweza kulipuka kwa machozi na hasira kwa nusu saa hivi. Wengi hudhani dawa imemzidi, kumbe imemwishia. Mpe kitafunwa, mwache akimbie nje, na umwambie daktari: dozi ndogo ya mwisho wakati mwingine hulainisha mteremko huo. Asipolala usiku, tazama saa ya dozi ya mwisho kwanza kabla ya kuomba dawa ya usingizi.

Baada ya miezi 6 simamisha kidogo uone kama bado inahitajika. Ya muda mfupi haihitaji kupunguzwa hatua kwa hatua. Wengi huchagua Desemba, familia inapokwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo mlimani, kwa Krismasi, na ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kupima: hakuna shule, binamu ni kumi na wawili, kila mtu analala saa sita usiku, na alama zozote utakazoandika hazilinganishwi na chochote. Acha dawa Desemba kama ni kumpumzisha na kumrudishia uzito, hilo linafaa. Jaribio lenyewe lifanyike wiki ya tatu ya muhula, siku tano za shule, mwalimu akiwa na karatasi ileile. Klonidini haiingii kwenye mapumziko ya aina hii. Ikisahaulika Arusha wakati ninyi mko Rombo, presha ya mtoto inaweza kupanda ghafla, kwa hiyo ipakieni kwenye begi la mkononi kabla ya kitu kingine chochote.